Aliyembeba Adam

Verona alikuwa amezamisha mikono kwenye beseni la utumbo wa nguruwe, mpaka viwikoni, siku Zvonko alipomletea ile karatasi. Mpaka leo akikumbuka, harufu ndiyo humrudia kwanza. Maneno hufuata baadaye.

Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, mwaka 2017, na Zvonko alikuwa anachinja. Pale kijijini Gornji Brestovi mtu akichinja nguruwe zake za majira ya baridi, majirani wote wanakuja. Wanaume hushika, huchinja na kukatakata, halafu wananywa na kujisifu. Wanawake huosha utumbo wa kujazia soseji. Kazi ya utumbo haina wa kuisifu. Unaugeuza ndani uwe nje, unaukwangua kwa mgongo wa kisu, unausugua kwa chumvi na siki na vitunguu, unabadilisha maji mara saba, na maji yenyewe yana baridi ya kukata vidole. Verona aliijua kazi hiyo kuliko wenzake, kwa hiyo kila aliyechinja alimwita yeye.

Uani wanaume walikuwa wanaicheka Ulaya. Sheria mpya ilisema nguruwe apoteze fahamu kwanza ndipo kisu kipite, asione maumivu. Mmoja akauliza kama sasa wamwimbie mpaka alale. Mwingine akasema Ulaya ingekuwa na huruma hiyo mwaka tisini na moja, wakati wao wenyewe ndio waliokuwa wanachinjwa, mambo yangekuwa mengine. Wakacheka, wakajaziana vikombe vya rakija, ile pombe kali ya plamu, na mvuke wa damu ukawa unapanda katikati yao.

Kroatia ilikuwa na miaka minne na nusu ndani ya Umoja wa Ulaya. Siku ya kuingia walipigiwa tarumbeta mbele ya kanisa, bendera mbili zikapandishwa, ya nchi na ya nyota. Lakini kijijini vitu vilivyoletwa na nyota hizo, mtu akavishika kwa mkono, vilikuwa viwili tu: sheria ya nguruwe, na basi la kwenda Ireland.

Basi hilo ndilo lililomnyima Verona raha. Liliondoka kila Jumatatu asubuhi mbele ya posta, likiwa limejaa vijana, na kila Jumatatu alisimama nyuma ya pazia kuhesabu ni wa nyumba gani. Mwanawe Krešo alikuwa anakaribia miaka ishirini na sita. Darasani kwake walikuwa watoto ishirini na wawili. Waliobaki kijijini walikuwa wanne, na mmoja wa hao wanne alikuwa hana akili timamu. Krešo alisomea ufundi wa mabomba, na kazi aliyopata ilikuwa ya vibarua, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wiki mbili hana. Simu yake ilikuwa inalia kila Jumapili, marafiki wakimpigia kutoka Dublin. Verona alisikia kicheko chao kupitia ukutani. Mtoto alikuwa huyo mmoja tu. Mwingine hakuna, na baba yake hakuna.

Sasa huyu Zvonko ni nani? Alikuwa msimamizi wa harusi ya Verona na Adam, mwaka tisini. Baadaye akawa baba wa ubatizo wa Krešo. Kwa watu wale undugu wa namna hiyo unashika kuliko wa damu. Ukimkosea kaka yako utasamehewa, ukimkosea msimamizi wako watu wanageuza shingo barabarani. Zvonko aliujua uzito huo, na kila alipotaka kitu aliuanza hivyo hivyo: "Shemeji, mimi si nilishika pete yako."

Vita vya uhuru vilipokuja, mwezi wa nane wa mwaka tisini na moja, Zvonko alimpeleka mkewe kwa shangazi yake Austria. Alisema Jumatatu atarudi. Jumatatu yenyewe ilikuja baada ya mwaka na nusu, mizinga imenyamaza, na alirudi na gari jipya na koti la ngozi. Jeshini alikuwa na siku arobaini, akilinda ghala la mablanketi mjini Zagreb, mbali na risasi. Lakini ulimi ulikuwa mwepesi. Mali za ushirika wa wakulima zilipokuwa zinagawiwa, ziligawika kwake. Chama cha wapiganaji wa zamani kilipoundwa kijijini, waliopigana hasa walikuwa wamekufa, au wanakunywa, au hawapendi mikutano. Akawa mwenyekiti.

Na Adam je? Adam alipigwa kwenye shamba la mahindi siku ya tisa ya mwezi wa kumi. Mahindi yalikuwa hayajavunwa, yamekauka, yanapiga kelele mtu akipita. Verona alikuwa na mimba ya miezi sita, amejificha na wanawake wengine kwenye chumba cha chini cha shule. Aliyemleta Adam alikuwa Janči, jirani wa nyumba ya tatu, mtu wa ukoo wa Wahungaria walioishi pale tangu zamani, mwembamba, mfupi, fundi wa kuezeka paa. Alimbeba mgongoni kilomita tatu, sehemu nyingine akitambaa, na Adam alikuwa mkubwa mara moja na nusu yake. Akaingia naye mgongoni, akajishusha polepole juu ya magunia, kisha hakuweza kunyooka tena. Verona aliyaona hayo kwa macho yake. Adam aliomba maji. Kiatu cha kushoto hakikuwepo. Akaishi saa moja na kidogo.

Janči hakunyooka tena mpaka leo. Anatembea kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Karatasi ya upiganaji hana, maana alijitolea tu, na kamanda aliyejua jina lake alikufa wiki iliyofuata. Watu walimwambia mara nyingi aende akaombe. Alikuwa anajibu kwamba yeye alibeba mtu, hakubeba karatasi, na anarudi kwenye kuku wake.

Siku ile ya kuchinja Janči naye alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na lango, anakoroga sufuria kubwa la mafuta ya nguruwe kwa mti mrefu, kwa sababu kazi hiyo mtu anaweza kuifanya ameinama. Alikuwa anakoroga mafuta ya Zvonko.

Zvonko akaja nyuma ya nyumba walikokuwa wanawake. Akawaambia waende jikoni wakapate chai yenye kitu ndani. Verona akabaki naye peke yake. Midomo ya Zvonko iling'aa mafuta, alikuwa anatafuna kipande cha ini, na alipozungumza Verona aliliona ini lile linageuka mdomoni. Akaanza na pete. Kisha akaeleza kwamba bungeni wamepitisha sheria mpya ya wapiganaji, milango ya pensheni iliyofungwa imefunguliwa, na yeye anataka rekodi yake iwekwe sawa. Mgongo unamuuma. Tume ya kukagua maombi inataka mtu aliyeona.

Akatoa karatasi ndani ya koti, imeshapigwa chapa tayari. Verona alisoma shule ya msingi tu, lakini kusoma anajua. Karatasi ilisema kwamba tarehe tisa Oktoba Zvonko alimtoa Adam kwenye mahindi chini ya risasi, akambeba mgongoni kilomita tatu hadi shuleni, na kwamba tangu siku hiyo mgongo wake umeharibika. Chini palikuwa na mstari mtupu, na jina la Verona limeandikwa kando ya mstari: mjane, shahidi wa macho.

Verona akaisoma mara ya pili. Akamwambia polepole kwamba aliyembeba Adam anakoroga sufuria pale langoni.

"Namjua," Zvonko akasema. "Ni mtu mzuri. Je, alishakuomba kitu? Hajaomba. Hataki. Sasa kitu kinalala tu, hakina mwenyewe, kinamsaidia nani?" Akatema kipande kigumu cha ini chini, paka akakiwahi. "Krešo anaanza kazi mwezi wa kwanza, idara ya maji ya manispaa. Kazi ya kudumu, shemeji. Nimeshaongea. Au unataka nikaongee kuhusu mtoto wa mwingine?"

Wewe mama unayesoma haya, ambaye una mwana na unalala jicho moja wazi, hapa ndipo pa kuangalia. Verona hakuwa mwanamke mbaya. Hakuwa mwongo. Alikuwa anafua na kulima, na kila Jumapili alikuwa anabadilisha maua kaburini. Lakini hofu kuhusu mtoto ikimkaa mtu miaka mingi, inageuka kuwa akili yake. Ikamwambia Adam amekufa, hasomi. Ikamwambia Janči kweli hajaomba. Ikamwambia ni wino tu, na Jumatatu hatasimama tena nyuma ya pazia.

Akajifuta mikono kwenye aproni, lakini mafuta ya utumbo hayatoki kwa kufuta. Akaandika jina lake. Kidole kikaacha doa la mafuta, karatasi ikaonekana hadi upande wa pili. Zvonko akalipulizia doa, akakunja, akatia mfukoni, akambusu shavuni. Verona akarudi kwenye beseni. Alibadilisha maji mara ya nane, ya tisa, wenzake wakamtania kwamba leo anaosha utumbo wa soseji za askofu.

Krešo alianza kazi mwezi wa kwanza. Walimpa ovaroli ya bluu na baiskeli ya idara, akawa anazunguka kusoma mita na kuziba mabomba yaliyopasuka kwa baridi. Hakuuliza kazi imetoka wapi. Alidhani ni kwa sababu fundi wa zamani amestaafu. Verona alianza kulala. Akamfumia Krešo sweta. Jumatatu hakwenda tena dirishani, na alipokutana na akina mama ambao watoto wao wamekwenda, aliwapa pole kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Janči naye alikuja kama kawaida siku za Jumamosi, akiletwa na Krešo mwenyewe, wakicheza karata jikoni na kubishana kuhusu mpira. Kwa Krešo, Janči alikuwa mjomba. Tangu akiwa mdogo, kila Oktoba, mzee huyo alikuwa anamchukua mpaka kwenye lile shamba kumwonyesha: hapa alianguka, hapa tulipumzika, hapa akaniambia mtoto akiwa wa kiume aitwe Krešimir. Verona aliwapikia, akawawekea mezani, lakini hakukaa nao tena. Kila mara alikuwa na jambo la kufanya jikoni nyuma.

Mwezi wa saba timu ya taifa ikafika fainali ya Kombe la Dunia. Nchi nzima ya watu milioni nne ikawa kama imerukwa na akili. Walifunga kitambaa cheupe kikubwa kwenye ukuta wa manispaa kuonyeshea picha, hata bibi wa miaka tisini aliletwa kwenye kiti, amevikwa jezi ya drafti nyekundu na nyeupe. Walifungwa na Wafaransa, wakashangilia vilevile mpaka sauti zikakauka. Zvonko aliruka juu ya meza. Akainama, akanyanyuka, akambeba mke wa daktari begani akazunguka naye uwanjani. Wakati huo tume ilikuwa imeshampa cheti cha ulemavu wa mgongo.

"Huyu nafasi ya pili duniani imemponya," Janči akasema, na watu waliokuwa karibu wakacheka. "Krešo, niandikishe na mimi kwenye timu."

Krešo alicheka mpaka akakaa chini. Verona alitaka kucheka nao, bia ikampalia, na walipompiga mgongoni akaona aibu inapanda kama maji ya moto. Janči hakujua chochote. Alidhani Zvonko ameghushi tu mgongo, kama wengi walivyoghushi. Hakujua ni mgongo wa nani.

Siku ilifika ya kujua. Tarehe kumi na nane Novemba nchi yote inawasha mishumaa kwa ajili ya Vukovar, mji ulioanguka siku hiyo mwaka tisini na moja, na kijiji chao hukumbuka wafu wake siku hiyo hiyo. Hutoka kanisani baada ya misa ya saa nne, hutembea kimya hadi ukuta wa shule palipo na bamba la majina, na kila mtu hubeba taa ndogo nyekundu ya mshumaa na kuiweka kando ya barabara. Mwaka ule palikuwa na mgeni kutoka mkoani, na kamera. Zvonko alitangulia mbele na medali tatu kifuani. Alikuwa ameshika kiuno.

Hotuba ilianza kama za miaka yote. Uhuru, damu, vizazi. Watu walikuwa wanapiga miguu chini kwa baridi. Halafu Zvonko akasema kwamba kwa miaka ishirini na saba amelibeba jambo moja bila kulisema, kwa unyenyekevu. Akaanza kueleza shamba la mahindi. Akaeleza namna majani makavu yalivyokuwa yanapiga kelele. Akaeleza Adam alivyoomba maji, na kwamba kiatu cha kushoto hakikuwepo.

Verona aliyatambua maneno hayo. Alimwambia yeye mwenyewe, mwaka tisini na nane, siku waliporudi kijijini kutoka ukimbizini na kumzika Adam upya. Alikuwa analia begani kwa msimamizi wake wa harusi, akamweleza kiatu. Kumbe mtu yule alikuwa ameiweka akiba habari ya kiatu miaka yote hiyo, kama mtu anavyoweka soseji darini mpaka ikomae.

Lililomtia kinyaa kuliko yote ni kwamba Zvonko alikuwa analia machozi ya kweli. Kamasi zilikuwa zinamtoka. Alikuwa ameshaiamini. "Na mjane wake huyu hapa," akasema, akinyoosha mkono, "dada yangu Verona, aliyeniona nikiingia naye, na akathibitisha kwa mkono wake mbele ya sheria." Mgeni kutoka mkoani akaja akampa Verona mkono. Kamera ikamgeukia. Na yeye, Mungu amsamehe, akainamisha kichwa kama mtu anayekubali.

Alipokiinua alimwona Janči. Alikuwa amesimama kando ya Krešo, na taa yake mkononi.  Alijikunja taratibu, akashika nyonga, akaiweka taa kwenye lami, akafunga kifungo cha juu cha koti lake, akaondoka akitazama chini, kwa vile mgongo wake haumruhusu kutazama pengine. Krešo hakumfuata. Krešo alikuwa anamtazama mama yake.

Nyumbani Krešo hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa na koti lake, akauliza kama ni kweli karatasi ipo. Verona akasema ipo. Akauliza ilisainiwa lini. Alipoambiwa mwezi wa kumi na mbili, akaitazama ovaroli ya bluu iliyoning'inia mlangoni, na Verona akaona jambo lenyewe linaunganika machoni pake.

"Nilifanya kwa ajili yako," akamwambia. "Usije ukapanda lile basi."

"Nani alikuambia napanda?"

"Walikuwa wanakupigia kila Jumapili."

"Wananipigia, nawakatalia. Mara mbili wamenitafutia na chumba, nikakataa." Alizungumza polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Sikutaka kwenda, mama. Nilikuwa sina kazi, lakini nilikuwa sitaki kwenda. Ungeniuliza."

Hakuwahi kumuuliza, ni kweli. Miaka yote alikuwa anasikiliza kupitia ukutani, na ukutani kilipita kicheko tu, jibu halikupita.

Kesho yake Krešo alirudisha ovaroli na baiskeli. Verona alichukua sahani, akaijaza keki ya mbegu za mipopi, zile ndogo nyeusi, aliyoioka asubuhi, akaenda kwa Janči. Kwao sahani ya jirani hukaa siku mbili tatu na hurudi na kitu juu yake, hata kama ni mayai mawili. Janči alifungua mlango nusu. Akapokea, akashukuru, akamwomba asubiri pale pale. Verona akasikia maji jikoni. Janči akarudi na sahani imeoshwa, imefutwa, haina kitu, akamkabidhi. "Kuku wanakula keki pia," akasema bila ukali, akafunga mlango.

Wiki ile alikwenda mjini kwenye ofisi ya wapiganaji kuifuta saini. Karani alikuwa mwanamke mpole, umri wa binti yake kama angekuwa na binti. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akafunga mlango. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba kuna mawili: au ile karatasi ni kweli, au yeye Verona ametoa ushahidi wa uongo, na ushahidi wa uongo una kifungu chake na kifungo chake. Zvonko atasema alidanganywa na huzuni ya mjane. Ana mawakili. "Mama, nenda nyumbani ukafikirie," karani akasema. "Sijakuona." Verona akachukua mkoba wake. Alijiambia atarudi baada ya Krismasi. Krismasi ikapita, na yeye alikuwa bado anafikiria, na kila alipofikiria aliona mlango wa chuma na majirani wakisoma jina lake gazetini. Zvonko alimletea paja la nguruwe la sikukuu. Alilipokea. Alilitupa kwenye shimo la taka, halafu akaona haya kwamba alilipokea.

Jumatatu ya pili ya mwezi wa kwanza, saa tatu asubuhi, Krešo alitoka na begi moja. Mbele ya posta walikuwa watu kama thelathini. Akina mama walikuwa wanasukumiza soseji na mitungi ya pilipili kwenye mabegi ambayo hayafungiki. Dereva alikuwa anavuta sigara, akiwatania kwamba Ireland nayo ina chakula. Janči alikuja, ameinama, na kofia ya sufu. Na Zvonko alikuja pia. Alikuja kama baba wa ubatizo, maana ni desturi, na mkono wake ukiwa umetangulia. Krešo aliupita ule mkono kama anavyopita nguzo.

Akasimama mbele ya mama yake. Alikuwa amenyoa vibaya, na damu kidogo imekauka kidevuni.

"Sema hapa," akamwambia. Hakupaza sauti, lakini waliokuwa karibu wakanyamaza, na kimya kikasambaa mpaka kwa dereva. "Sitaki mahakama wala ofisi. Sema tu, mjomba Janči asikie na hawa wasikie. Nani alimbeba baba? Ukisema, nashusha begi."

Verona aliwaona wote. Aliwaona wanawake alioosha nao utumbo. Alimwona Zvonko, ambaye uso wake haukubadilika, ila alikuwa ameacha kutafuna. Alimwona Janči anatazama viatu vya watu. Jina lilikuwa fupi, silabi mbili, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, alilisikia linagusa meno. Alihitaji tu kufungua mdomo.

Akafungua mdomo.

"Umechukua soksi za sufu?" akasema.

Krešo akalirekebisha begi begani. Kisha akamkumbatia, vizuri kabisa, kama mtu anavyomkumbatia mgonjwa. Akaenda kwa Janči, akajikunja ili nyuso zao zilingane, akamwambia kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Akapanda. Mlango ulijifunga kwa pumzi ndefu, basi likageuka kwenye kona ya kanisa, na moshi wake ukabaki chini chini kwa sababu ya baridi.

Watu walianza kutawanyika. Janči alikuwa ameshafika mbali. Zvonko akaja akasimama kando ya Verona, akakohoa, akamwambia asijali, vijana ni hivyo, wanakwenda wakiwa na hasira na wanarudi na gari. Akamwekea mkono begani. Ulikuwa mkono mzito, wa moto, ulinuka mafuta na vitunguu saumu, na dole gumba lilikuwa linamsugua shingoni taratibu, kama mtu anavyompapasa mnyama aliyetulia. Wanawake wawili walikuwa wanawaangalia kutoka kwenye ngazi za posta.

Verona alitazama barabara, na hakuuondoa.